Kofia ya pama ikifika mkononi, funua mkanda wa jasho kwanza

Msomaji mmoja amenitumia picha za kofia mbili za pama alizozipata mwezi huu: Stetson (chapa ya Kimarekani) ya kijivu ya zamani aliyoiagiza Marekani, na nyingine mpya ya dukani, ya felti ya sufu, yaani sufu iliyoshindiliwa ikawa kitambaa kigumu, rangi ya kahawia. Zote nzuri, na furaha yake inaonekana. Swali lake ni moja: apake mafuta gani zing'ae?

Ndugu yangu, hongera, lakini usipake kitu. Inaniuma kuona kofia iliyokaa miaka sabini kwa wenzetu ikiharibika wiki ya kwanza tu baada ya kufika kwa mwenyewe mpya. Felti haitakiwi kung'aa. Na kofia haifi kuanzia nje, inafia ndani, kwenye ule mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso.

Kwa hiyo anzia hapo. Igeuze kofia kichwa chini, ingiza vidole viwili nyuma ya mkanda na uukunje nje polepole, sentimita moja moja, kuanzia mbele. Nyuma, pale ncha mbili za ngozi zinapokutana, ndipo panapochanika kwanza, kwa sababu ndipo panapovutwa kila mtu anapoivaa. Ngozi ikikunjika kimya, iko hai. Ikilia na kuacha mstari mweupe, imekauka lakini inaokoleka. Ikiacha unga mwekundu vidoleni, imekwisha, na hakuna mafuta duniani yatakayoirudisha. Chumvi ya jasho na joto la stoo vimeshakula nyuzi zake.

Ngozi iliyokauka hutibiwa kwa losheni ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha punje ya karanga kwa mkanda mzima. Paka kwa kitambaa upande unaogusa kichwa, acha siku nzima mkanda ukiwa umefunuliwa nje, kisha rudia. Mafuta ya nazi na Vaseline viweke mbali kabisa. Hupenya ngozi, huingia kwenye felti, na baada ya miezi michache utaona duara jeusi juu ya utepe wa nje ambalo halitoki tena. Ngozi iliyokwisha hubadilishwa kwa ngozi nyembamba ya kondoo au mbuzi, ikashonwa kwa mkono kupitia matundu yaleyale ya zamani. Fundi akikuambia atapiga cherehani, chukua kofia yako uondoke: matundu mapya kando ya yale ya kwanza yanaikata felti.

Ukiwa bado umefunua mkanda, soma vikaratasi vilivyofichwa nyuma yake. Kofia nyingi za zamani za Marekani zina lebo ya chama cha wafanyakazi. Ikiandikwa United Hatters of North America peke yake, kofia ni ya kabla ya 1934, mwaka chama hicho kilipoungana na kile cha washonaji wa kofia za kitambaa. Stetson ya Philadelphia nayo ina mpaka wake, maana kiwanda kile kilifungwa 1971. Zile X unazoziona zimepigwa chapa ndani, za kuonyesha ubora wa felti, zisikubabaishe. Kila kampuni huzihesabu kwa namna yake, na 4X ya miaka ya 1950 inaweza kuwa na felti bora kuliko namba kubwa zaidi ya leo.

Kuna jambo la afya hapa. Watengenezaji wa kofia walitumia zebaki kushikamanisha manyoya, na Marekani iliachana nayo mwishoni mwa 1941. Kofia ya kabla ya hapo ipigie brashi nje ya nyumba, usiipige mvuke chumbani, na unawe mikono ukimaliza.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Pima kichwa chako kwa futi ya fundi cherehani, sentimita moja juu ya masikio na katikati ya paji. Namba 7 ya Marekani ni takriban sentimita 56, 7⅛ ni 57, 7¼ ni 58, 7⅜ ni 59. Waingereza huandika namba ndogo zaidi kwa moja ya nane: 7 yao ni 57. Lakini usiiamini lebo ya kofia ya zamani. Ngozi husinyaa, na iliyoandikwa 58 inaweza kukubali kichwa cha 57 tu. Mwambie muuzaji apitishe futi ndani, juu ya mkanda, akutumie picha. Kofia kubwa ni salama, utaweka vipande vya sponji nyembamba nyuma ya mkanda. Kofia ndogo ya zamani ukiilazimisha itachanika palepale nyuma nilipopataja.

Kuhusu felti yenyewe: ya manyoya ya sungura au ya biva, mnyama wa mtoni wa nchi za baridi, ni nyembamba, laini, na ukiikunja ukingo hurudi mahali pake. Ya sufu ni nzito zaidi, ina vinyweleo, na ugumu wake mwingi ni gundi ya kukazia. Ndiyo maana ikinyeshewa hulegea ukingo, ikikauka husinyaa. Siidharau kofia ya sufu, kwa bei yake inatosha, ila usiitembeze kwenye masika ukategemea irudi kama ilivyokuwa. Na wanaonunua mitumba, Gikomba ya Nairobi au Karume ya Dar, wakumbuke kwamba kofia zile zimebanwa ndani ya robota. Inue kofia usoni, uitazame dhidi ya mwanga kwenye mikunjo. Mkunjo wa kawaida hutoka kwa mvuke. Ukiona nukta ya mwanga, felti imekatika au nondo amepita.

Hata usipoona tundu, kofia ya zamani isikae kabatini na nyingine kabla ya kugandishwa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa bila kuiponda, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, iache siku nzima ndani ya mfuko ule ule uliofungwa, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya felti baridi na kuilowesha.

Baada ya hapo ndipo usafi. Brashi ya singa za farasi, moja ya kofia nyeupe na nyingine ya nyeusi, ikizunguka kinyume cha saa ukiitazama kofia kutoka juu. Doa la mafuta linyunyizie wanga wa mahindi, acha saa kadhaa, piga brashi. Umbo hurekebishwa kwa mvuke wa birika: shika kofia sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni mwa birika, sekunde kumi kila sehemu, tengeneza kwa matumbo ya vidole, iache ipoe bila kuguswa. Mvuke usifike kwenye mkanda, kwa kuwa ngozi husinyaa upesi kuliko felti.

Na jamani, tuache kuvua kofia kwa kubana ule mbonyeo wa mbele. Kila ukibana unavunja nyuzi mahali pamoja, na hapo ndipo tundu litakapotokea. Shika ukingo, mbele na nyuma, kwa mikono miwili. Tunalipa pesa nyingi kuagiza hizi kofia kisha tunazishika kama mfuniko wa sufuria.

Ikilowa, funua mkanda nje, isimamishe juu ya mkanda huo kivulini, mbali na jua na jiko, ikauke yenyewe hata ikichukua siku mbili. Kwa walioko Mombasa, Zanzibar au Dar, ukungu ni adui mkubwa kuliko nondo. Boksi la karatasi lenye matundu, vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, vinavyobadilishwa kila baada ya miezi michache, na kofia itolewe kupata hewa kila wiki. Ndani ya boksi ilale kichwa chini. Ikilalia ukingo, ukingo utanyooka na ile pinda ya mbele itapotea. Mfuko wa nailoni usitumike kuhifadhia, hata kwa usiku mmoja wa masika.