Shangazi, shira yangu imerudi sukari!

Toleo lililopita niligusia tu kwamba juisi ya baridi itiwe shira, yaani sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, badala ya sukari kavu, mistari miwili basi, na maswali yakaja mengi kuliko nilivyotegemea. Leo nayajibu yale yaliyojirudia, na kwenye viungo nitakaa kidogo maana hapo ndo wengi mnapoharibu.

Shikamoo Shangazi. Nauza juisi ya ukwaju na embe hapa Temeke. Nakoroga sukari weee mpaka mkono unauma, halafu mteja akimaliza glasi anaikuta imelala chini. Vipimo vya shira vikoje, na je haitanipandishia gharama?

Marahaba mwanangu. Sukari kwenye maji ya barafu inayeyuka polepole mno, utakoroga mpaka foleni ya wateja iondoke. Chukua sukari kilo 1 na maji lita 1, weka kwenye sufuria, moto wa wastani, koroga taratibu mpaka usione punje hata moja na maji yawe angavu, yakianza tu kutoa mapovu ya kwanza zima. Usiiache ichemke nusu saa eti iive, shira haiivi, inachofanya ni kupoteza maji tu na kesho kipimo chako kitakuwa kingine na wateja watakwambia mbona leo tamu sana.

Kwenye hiyo kilo moja utapata kama lita 1.6 za shira. Ukitia mililita 30 kwa glasi, yaani vijiko viwili vya chakula, inakutosha glasi 50 na ushee, na kila glasi imeingia karibu gramu 18 za sukari, wa kwanza na wa mwisho wote sawa. Gharama haipandi, sukari ni ileile, tena ile iliyokuwa inamwagwa na glasi chafu sasa inanyweka.

Nunua mzani mdogo wa jikoni. Kikombe cha sukari kina kama gramu 200 na kikombe hichohicho cha maji kina 240, kwa hiyo ukisema kimoja kwa kimoja shira inatoka nyepesi kidogo, nyumbani haina neno ila kwa biashara utaona tofauti. Na usishtuke ikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyopauka, sukari zetu nyingi za dukani ni za brauni, kwenye ukwaju haionekani kabisa. Juisi ya ndimu ukiitaka nyeupe ndo utafute sukari nyeupe.

Shangazi, mie niko Mombasa. Kila Ramadhani napika shira ya kaimati, na mwaka huu nikasema nitengeneze nyingine nzito ya kutilia juisi ya ndimu wakati wa kufuturu. Nimeiweka kwenye chupa, siku ya pili chini imefanya mawe kama nabati. Nimekosea wapi?

Umeitaja nabati mwenyewe, na nabati ndivyo inavyopatikana hasa, sukari nyingi ndani ya maji machache halafu ikapoa. Maji yana kiwango chake cha kubeba, lita 1 kwenye joto la kawaida la chumba inabeba kama kilo 2 za sukari, yakiwa ya moto yanabeba zaidi, kwa hiyo jikoni unaona yote imeyeyuka unafurahi, ikipoa ile ya ziada inatafuta pa kushuka. Na kwenye friji yanabeba pungufu tena, kama kilo 1.8. Ndo maana shira nzito ya kilo 2 kwa lita 1 ukiitia friji mara nyingi inakufanyia chenga. Teremsha iwe kilo 1 na robo tatu kwa lita.

Sababu ya pili ni punje zinazobaki ukutani mwa sufuria. Moja tu ikidondoka kwenye shira iliyopoa zile nyingine zinaifuata zinaikamata, ndo jiwe linaanza. Kwa hiyo sukari ikishayeyuka acha kukoroga, funika sufuria dakika mbili tatu mvuke ujikusanye kwenye kifuniko ushuke uoshe kuta wenyewe. Na tia ndimu! Bibi zetu walikuwa wanakamulia ndimu kwenye shira ya kaimati na wengi tulidhani ni ya ladha, kumbe ule ukali ukipata moto unaivunja sukari ikawa vitu viwili, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haukubali kujipanga tena kuwa mawe kirahisi. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya sukari kinatosha, uitie wakati bado iko motoni.

Hiyo uliyonayo usimwage. Ongeza vijiko vitatu vinne vya maji, pasha taratibu mpaka mawe yaishe, basi imepona. Ila ile ya kaimati, ya kuvuta uzi kati ya vidole, iache iwe ya kaimati, maji yake yameshapungua mno, ukiitia kwenye kinywaji cha baridi inazama chini kama ile sukari uliyokuwa unaikimbia.

Dada mpendwa, nimefungua kibanda cha kahawa Arusha, nataka shira za ladha: tangawizi, mdalasini, iliki, vanila, na kitu cha machungwa. Nimejaribu kutupia kila kitu kwenye shira inayochemka, mdalasini hausikiki, iliki imekuwa kama dawa, na tangawizi imenikatia maziwa. Nisaidie.

Mdogo wangu swali lako ndo nililokuwa nalisubiri, na nakupongeza kwa kutokimbilia zile chupa za rangi na ladha za maabara wakati tumezaliwa katikati ya viungo.

Kwanza viungo vigumu usivichemshe ndani ya shira. Sukari ikishajaa kwenye maji yanakuwa mazito na hayavuti ladha vizuri, ndo maana mdalasini wako hausikiki. Chemsha kwenye maji matupu kwanza: vijiti vinne au vitano vya mdalasini kwenye maji lita 1 na robo, moto mdogo, funika, dakika 20. Chuja. Halafu, na hapa ndo watu wanateleza, PIMA MAJI UPYA, kwa sababu yamepungua, ukibaki na lita 1 tia kilo 1 ya sukari, ukibaki na mililita 900 tia gramu 900. Tangawizi mbichi hivohivo, gramu 150 mpaka 200, usihangaike kuimenya, ioshe uitwange. Karafuu ni punje 8 tu kwa lita, najua Pemba na Unguja wapo na tunazo tele, lakini ukizidisha kinywa kinakufa ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno.

Iliki ni habari nyingine kabisa. Harufu yake ni mafuta mepesi, ukiichemsha muda mrefu harufu yote inaenda kwa jirani na wewe unabaki na ule uchungu, ndo hiyo dawa unayoisema. Twanga iliki 20 na maganda yake, nusunusu zisiwe unga, shira ikiwa imeshazimwa moto zitie humo, funika nusu saa, chuja kwa kitambaa safi. Vivyo hivyo majani: nanaa, mrehani, mchaichai laini, yote yaingie moto ukiwa umezimwa, dakika 15 mpaka 20 utoe, yakikaa sana yanatoa ladha ya majani yaliyopikwa. Mimi nikiwa na mchaichai wa bustanini naupondaponda kwanza kwa kisu upande wa bapa, basi nyumba nzima inanukia.

Vanila kama unapata ya Kagera hongera, ni kijiti kimoja tu kwa lita, pasua katikati, kwangua zile mbegu nyeusi, tia vyote kwenye shira ya moto iliyozimwa uache mpaka kesho yake. Kijiti usitupe, kioshe, kianike, kikikauka kizike kwenye kopo la sukari, sukari yenyewe itanukia.

Ya machungwa nakupa ninayoipenda kuliko zote. Menya ganda la juu tu la rangi kwa kisu cha mboga, ile nyeupe ya chini iache kwenye chungwa maana ndo chungu. Maganda ya machungwa manne, tia kwenye bakuli na robo kilo ya sukari, yafikiche kwa mkono kama unafua leso, funika lala. Asubuhi utakuta sukari imelowa, imevuta mafuta ya ganda yenyewe bila hata tone la maji. Hapo sasa mimina maji ya moto robo lita, koroga, chuja. Hakuna chupa ya dukani inayokaribia.

Maziwa: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, moto ndo unakimaliza, kwa hiyo ukiichemsha zile dakika 20 hutapata shida tena, usikamulie tu maji mabichi ya tangawizi kwenye shira ili kuokoa muda. Ila shira ya ukwaju, choya au ndimu kwa kahawa ya maziwa usijaribu, hizo ni kali na ukali wenyewe ndo unakata, zitakaa vizuri kwenye soda au maji ya baridi.

Assalaam alaykum Shangazi, nakuandikia kutoka Muscat. Nina maji ya waridi ya Jabal Akhdar, nimeyachemsha na sukari yamepoteza harufu yote. Nimeumia.

Waalaykumu salaam bibie, na mimi nimeumia nawe, maji yale yanapatikana kwa kazi kubwa, maua yanachumwa msimu mfupi tu wa masika ya huko. Wala huhitaji kuyachemsha. Pika shira ya kawaida, tia ndimu kidogo, iache ipoe kabisa mpaka ukishika sufuria husikii joto, ndo utie maji ya waridi, anza na vijiko viwili vya chakula kwa lita, onja, ongeza. Ukitaka rangi usitie ya unga, loweka maua machache ya choya kwenye yale maji ya shira, rangi yake ikikutana na ndimu inazidi kuwa nyekundu.

Shangazi nipo hosteli Morogoro hatuna jiko, inawezekana?

Inawezekana sana. Sukari na maji vipimo sawa, chupa yenye kifuniko, tikisa, pumzika, tikisa tena, dakika kumi hivi. Birika la umeme likiwepo maji ya moto yanamaliza kazi mara moja. Fanya kidogo tu ya siku chache.

Nina watoto watatu, na mama mkwe ana kisukari. Nikitumia asali badala ya sukari si itakuwa salama kwa wote?

Hapana mama, na nakwambia kwa upendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu asali pamoja na sukari, hata juisi ya matunda inahesabiwa. Wanasema zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana tushuke mpaka gramu 25. Sasa ile glasi moja ya mwanzo ina gramu 18, unaona inavyoenda haraka. Mama mkwe afuate alivyoambiwa kliniki, mpe maji ya mchaichai na tangawizi bila shira, yana raha yake. Watoto wape kijiko kimoja cha shira ya vanila au iliki badala ya viwili vya shira tupu, ile harufu inaufanya ulimi uone utamu zaidi ya uliopo. Na asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Shira inakaa muda gani? Yangu ya nanasi imeanza kutoa povu, naweza kuichemsha tena nikatumia?

Mwaga leo hii. Povu, harufu ya pombe, chupa inayofanya pshii ukifungua, au utando unaoelea juu, yote ni kwaheri, na utando usiuchote kwa kijiko ukaona pasafi, umeshashuka mpaka chini. Mimi niliwahi kuiacha shira ya nanasi kabatini wiki nzima wakati wa joto la Januari, kizibo kiliruka usiku tukadhani mwizi, kuta zote zinanata na sisimizi walikaa mwezi mzima.

Shira tupu ya kilo kwa lita inakaa friji kama mwezi mmoja. Nzito inakaa miezi kadhaa kwa sababu sukari ikiwa nyingi vijidudu vinakosa maji ya kunywa. Yenye tunda au majani ni wiki moja, mbili ukijitahidi. Chupa iwe ya kioo, ioshe, ichemshe dakika 10, ikauke kabisa ndo utie shira. Usimimine shira ya moto kwenye chupa ya maji ya dukani, inajikunja mkononi, na shira ikikumwagikia inaganda kwenye ngozi inaendelea kuunguza, kovu langu la kifundo cha mkono lina miaka sasa. Ikikupata kimbilia maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, usipake dawa ya meno. Na watoto watoke jikoni mpaka ipoe.