Usimpige Mama wa Ndizi Kabla ya Salamu

Meseji za wiki hizi mbili ni nyingi na nusu yake ni swali moja. Naanza nalo ili tulimalize.

Nina laki tano. Ninunue kamera gani ya kuanzia? (Wasomaji kumi na wawili, Arusha na Moshi, na mmoja wa Same)

Usinunue. Simu uliyoniandikia hiyo meseji inatosha kwa miezi sita. Ukishapiga kila siku ukajua hasa simu inakunyima nini, rudi, nitakwambia utafute kamera ya mtumba na lenzi moja tu, ya milimita 35 au 50. Wale wa "Canon au Nikon" nimewaruka kwa makusudi.

Nilitoka Arusha hadi Moshi kuupiga picha Mlima Kilimanjaro, nikafika saa sita mchana, nikakuta mawingu matupu. Mwezi gani unafaa? (Sakina)

Kosa lako ni saa, mwezi hauna hatia. Jua likishaupasha moto msitu wa chini, unyevu hupanda na kuwa mawingu, na kabla ya mchana kilele cha Kibo kimeshajifunika shuka. Lala Moshi, saa kumi na mbili alfajiri uwe umesimama nje. Jioni nako mara nyingi hufunuka kidogo. Januari na Februari anga husafika zaidi; masika, Machi hadi Mei, usije kunilalamikia.

Halafu angalia lenzi. Kilele cha Uhuru, ncha ya juu ya Kibo, ni mita 5,895 na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, kwa hiyo mbele yako pamesimama ukuta wa karibu kilomita 5. Ukiupiga kwa lenzi pana ya simu utatoka kama kichuguu. Tumia lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali karibu, rudi nyuma, uweke kitu mbele yake: paa la bati, mgomba, mtu anayesukuma baiskeli. Mlima mtupu umeshapigwa na kila mtalii aliyeshuka KIA.

Shikamoo mwalimu. Naona aibu kupiga watu sokoni. Kuna mbinu ya kuwapiga bila wao kujua? (Majengo, Moshi)

Marahaba. Mbinu zipo, na sikufundishi.

Kiswahili chetu kinasema "kumpiga mtu picha", na mama wa ndizi pale Mbuyuni akiona lenzi imemwelekea kabla ya salamu, anasikia neno la kwanza tu. Ana haki. Nunua kwanza. Uliza bei, uliza kama Kibosho mvua imenyesha, kisha sema: "Mama, naomba nikupige picha hapohapo ulipo." Akikataa, asante, ndizi unazo.

Mtaniambia picha ya kuomba inakuwa ya kujipanga. Ya kwanza, ndiyo: atakaza shingo kama yuko pasipoti saizi. Piga hiyo, mwonyeshe, acheke. Kisha kaa. Mteja atakuja, watabishana bei, atakusahau, na hapo ndipo kazi yako inaanza. Vijana wengi wanapiga ile moja ya shingo ngumu wanaondoka, halafu wanasema watu wetu hawajui kukaa kwenye picha.

Na ukiahidi nakala, peleka. Mimi niliwahi kumpiga fundi cherehani mmoja karibu na Soko Kuu la Arusha, nikaahidi, nikakaa miezi minane. Siku nilipopita tena aliniita mbele ya wateja wake: "Tapeli wa picha huyo!" Nilienda kuisafisha siku ileile. Sasa imebandikwa ukutani juu ya cherehani, na mafundi wengine wanne wa kibaraza kile wananidai za kwao.

Hujaniuliza lakini nasema: mtoto hapigwi picha bila mzazi kuridhia. Majeruhi wa ajali hapigwi kabisa, na anayekimbilia bodaboda iliyoanguka akiwa ameinua simu asijiite mpiga picha. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na viwanja vya ndege usivielekezee lenzi hata kwa utani. Na kuweka sura ya mtu kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake ni kujitafutia kesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Droni je? (Njiro)

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, na ndani ya hifadhi ya taifa ruhusa ya TANAPA juu yake. Huna? Iache sandukuni.

Nyuso zinatoka nyeusi tii na anga linatoka jeupe. Simu mbovu? (Ngarenaro)

Simu nzima, ila haina akili. Kamera inapima mwanga wa eneo zima na kutaka wastani wa kijivu. Ikiona anga kali nyuma ya mtu, inapunguza mwanga kwenye kila kitu, na ngozi zetu ndizo zinazolipa. Bonyeza usoni kwenye kioo mpaka kipimo cha mwanga kijifunge hapo, kisha sogeza alama ya jua juu. Anga likiungua, liungue. Hukuja kupiga anga. (Kodak walipimia rangi za filamu zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, miaka na miaka. Tatizo hili ni la zamani kuliko simu yako.)

Bora zaidi, mhamishe mtu. Mweke kwenye kivuli cha kibaraza akitazama nje, uso wote utalainika. Hapa tuko nyuzi kama 3 tu kusini mwa ikweta: jua hupanda wima, mwanga laini wa asubuhi hauchukui muda kuisha, na mchana macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi. Saa sita kula mtori, pumzika.

Wamasai wanadai hela wakipigwa picha. Ni sawa? (Tengeru)

Ni sawa kudai, na ni sawa wewe kukataa, ila mkubaliane kabla. Mimi nakuuliza lingine: umezaliwa Tengeru, unaishi na soko la Jumamosi mlangoni, kwa nini unamwinda Mmasai kama mgeni aliyekuja kwa siku tatu? Piga wasuka nywele, wapakiaji wa ndizi, konda aliyening'inia mlangoni.

Picha ikiwa nyeusi na nyeupe ndiyo inakuwa ya mtaani? (Pasua)

Hapana.

Nilinyang'anywa simu Kilombero, picha za miaka miwili zimekwenda. Zitarudi? (Unga Limited)

Kama hukuzihifadhi pengine, hazirudi. Pole sana. Kuanzia leo nakala mbili, sehemu mbili tofauti, kila Jumapili, na kamba ya simu ifungwe kiganjani. Za zamani, jaribu kukumbuka ulimsafishia nani picha ukampa. Nenda kwake, msalimie, uipige picha ile iliyoko ukutani.