Silikoni Kavu Kwenye Kioo cha Bafu: Mnauliza, Najibu

Wenye nyumba za wageni wameanza ukarabati, na wengi mmeandika kuhusu jambo moja: namna ya kutoa mpira mkuukuu kwenye kioo cha bafu, yaani kile kinachozuia maji ya kuoga, si cha kujitazamia. Mpira huo huwa silikoni iliyopakwa kuziba maji, au ule wa kuchomeka.

Silikoni ya chini ya kioo imekuwa ngumu kama jiwe. Kijana wangu anataka kuichokoa kwa bisibisi. Nimruhusu? (Mama mwenye nyumba, Shela)

Usimruhusu, mama. Kioo cha bafu aghalabu ni kile kilichopashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla. Usoni kina nguvu, lakini kikigongwa ukingoni chaweza kupasuka chote kwa mara moja, na mtoto yuko hapohapo miguu mitupu.

Mpe wembe mpya uliofungwa kwenye kishikio. Alowanishe kioo kwa maji ya sabuni, alaze wembe karibu na uso wa kioo, asukume kwenda mbele tu. Akate kwanza upande wa kioo, halafu upande wa kigae, kisha avute utepe wa silikoni polepole. Wembe ukipata kutu au pengo autupe palepale, maana huo ndio unaochora kioo, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi. Utando utakaobaki aupake tapentaini kwa kitambaa, madirisha yakiwa wazi, angoje ulainike, aukwangue. Ikiwa kioo chako ni cha plastiki, au kimepakwa dawa ya kufukuza maji, wembe usikiguse kabisa. Tumia kipande cha plastiki ngumu.

Jirani kaniambia niiloweke silikoni kwa siki usiku kucha. Kuta zangu ni za chokaa. (Langoni, Lamu)

Hapa nakuomba unisikilize vizuri, ndugu yangu. Siki haiyeyushi silikoni iliyokwisha kukauka. Kinachoyeyuka ni ule ukoko mweupe unaoachwa na maji ya visima vyetu. Na siki haichagui: chokaa ya ukutani, marumaru na jiwe la matumbawe vyote huliwa na asidi hiyohiyo. Lipu ya zamani iliyosuguliwa ikang'aa ni kazi ya mikono ambayo mafundi wake wamepungua, usiiharibu kwa chupa ya siki. Kuutoa ukoko huo, lowesha kitambaa kwa siki, kibandike juu ya kioo peke yake kwa dakika 15, suuza kwa maji mengi.

Kwa sababu hiyohiyo, unaponunua silikoni mpya, epuka ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka. Muulize mwenye duka ile isiyo na asidi. Bei yake huwa juu kidogo, lakini kwa nyumba ya chokaa ndiyo inayofaa. Na kama kuna ukungu mweusi unaotaka kuusafisha kwa jiki, siki iwe imeshasuuzwa yote. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mpira wa kuchomeka pembeni mwa mlango wa kioo umekauka, hautoki. (Casuarina, Malindi)

Upashe kwa dreya ya nywele au kitambaa cha maji moto, uvute kuanzia ncha moja. Ukikatika, endelea kwa vipande. Kabla ya kununua mwingine pima unene wa kioo; 6, 8 na 10 mm haviingiliani.

Mteja ana haraka. Nipake mpya juu ya ya zamani? (Fundi, Malindi)

Hapana, fundi. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka; itabanduka, na mteja atakupigia. Jaribu hivi: nyunyiza maji. Yakijikusanya matone mahali fulani, utando bado upo. Yakitandaa, futa kwa spiriti, acha pakauke, ndipo upake. Mwambie asioge humo kwa saa 24, na usimwekee feni kwa kudhani unaharakisha: silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu Malindi tunao.