Maswali na majibu ya sheria: Kaka yuko Muscat, mama amezeeka, tusaini uwakala gani?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Kaka yangu yuko Muscat, ana kiwanja hapa Wete anataka nimuuzie. Amenitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi aliyoisaini nyumbani kwake: "Namruhusu dada yangu kushughulikia kiwanja changu." Mnunuzi ameikataa. Na mama yetu mkongwe, siku nyengine hatutambui wanawe, twataka atupe uwakala wa nyumba yake. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Mnunuzi wako si mkorofi. Tatizo ni hilo neno "kushughulikia". Hati ya uwakala husomwa kwa ubahili: usichoandikiwa hukupewa. Kushughulikia kiwanja ni kukifyeka na kukiwekea mlinzi. Kuuza ni jambo jengine, na kupokea fedha jengine tena. Mwambie kaka aandike kitendo kimoja kimoja: kutafuta mnunuzi, kukubaliana bei isiyopungua kiasi atakachokitaja, kusaini mkataba wa mauziano, kufika mbele ya Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, kupokea fedha na kuziweka katika akaunti fulani. Kiwanja nacho kitajwe mahali kilipo na mipaka yake. Huo ndio uwakala maalumu, na kazi ikimalizika nao umekwisha.

Uwakala wa jumla, ule wa "mali zangu zote na mambo yangu yote", upo, na aliyehamia nje miaka mingi huenda ukamfaa. Kwa kiwanja kimoja siupendi. Mtu umemtuma kibiriti jikoni, wampa na ufunguo wa kasha wa nini?

Kaka asisaini tena kwake. Aende Ubalozi wa Tanzania hapo Muscat na pasipoti yake, hati ikiwa haijatiwa sahihi, asaini mbele ya ofisa, naye ofisa athibitishe kwa sahihi na muhuri. Angekuwa hapa angekwenda kwa hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati. Kisha iletwe hati yenyewe, si picha yake, isajiliwe kwa Mrajis, yaani msajili wa hati, kabla hujaitumia. Na wewe usijiuzie kiwanja hicho kimyakimya, wala usimkabidhi mumeo kazi hiyo kama hati haikuruhusu.

Kwa mama ndipo pagumu. Kwa Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, mtu ambaye akili humtoka na kumrudia aweza kufunga mapatano pale ilipomrudia tu. Akiletwa kwangu mzee wa namna hiyo, kwanza watoto huwatoa nje. Namuuliza nyumba yake iko wapi, ana watoto wangapi, na karatasi hii itafanya nini. Mara nyengine kikao huishia hapo na watoto wakaninunia. Akijibu vizuri lakini hajui kusoma, husomewa hati yote, akaweka dole gumba, na hati yenyewe ikasema kuwa alisomewa akafahamu.

Hata hivyo, akili ikimpotea moja kwa moja, uwakala wake umekufa. Jamaa walioko Uingereza watakwambia kuna uwakala unaoendelea hata mtu akishapoteza akili. Ni kweli, kwao upo, kwa sheria yao. Usichukue fomu hiyo mtandaoni ukaja nayo Chake. Kwa hali unayoieleza, nawashauri mwende mahakamani mkaombe ateuliwe msimamizi wa mali ya mama, tena mwende ndugu wote, asije mmoja akasema mwenzake kamzunguka.

Na aliyetoa uwakala akifariki, uwakala umekatika papo hapo, wa jumla na wa maalumu. Mali imekuwa ya mirathi, na mlango wake ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi. Kuendelea kupokea kodi ya nyumba kwa karatasi ya marehemu ni kula haki ya warithi.

Nimechukulia kiwanja cha kaka ni cha kujenga. Kama kimekatwa kwenye eka tatu za Serikali, yale mashamba waliyogawiwa watu baada ya Mapinduzi, msisaini kitu. Niandikie kwanza.