Lengelenge la kisigino: litobolewe au liachwe?

Swali: Daktari, shikamoo. Napuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho hapa Tandahimba. Nimenunua gambuti jipya, natembea nalo tangu alfajiri na mashine mgongoni. Siku ya tatu leo, visigino vyote vina malengelenge, moja kubwa kama sarafu ya mia mbili. Wenzangu wanasema nilipasue nipake chumvi. Wengine wanasema nijipake mafuta kabla ya kuvaa. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba. Chumvi iache jikoni, na dawa ya meno pia usiipake: huunguza nyama mbichi iliyo chini. Ngozi iliyovimba ndiyo kifuniko bora cha kidonda, kwa hiyo usiichune.

Dogo lisilouma lifunike tu. Hilo kubwa litapasuka lenyewe ndani ya buti, kwa hiyo litoe maji mapema. Nawa mikono kwa sabuni, osha kisigino, pangusa kwa spiriti. Tumia sindano mpya ya duka la dawa. Toboa pembeni, upande wa chini, matundu mawili au matatu, kisha kandamiza taratibu kwa gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Paka vaselini kidogo, weka gozi, funga plasta. Badilisha kila siku, na kila ikilowa. Likiwa na damu ndani usilitoboe. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, aende zahanati.

Sasa chanzo, maana bila kukiondoa utatoboa kila wiki. Wengi hudhani mpira wa buti ndio unaokwangua ngozi. Huo ni mchubuko, jambo jingine. Lengelenge hutokea pale ngozi ya juu inaponata kwenye soksi yenye jasho, huku mfupa wa kisigino unapanda na kushuka kila hatua. Tabaka za ngozi zinavutwa huku na huku mpaka zinaachana, na maji yanajaa katikati. Gambuti halitoi jasho wala halina kamba za kulikaza, ndiyo maana linasumbua kuliko buti la ngozi.

Kwa hiyo zuia kisigino kisinyanyuke. Weka soli ya ndani ya kuongeza unene. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba ya nailoni inayobana, ya nje nene. Mwendo utakuwa baina ya soksi na soksi, ngozi itatulia. Soksi za pamba tupu hushika jasho. Beba jozi kavu ubadilishe katikati ya kazi. Ukinunua jingine, lipime jioni mguu ukiwa umevimba, na soksi zilezile za kazi: mbele ya kidole kirefu ibaki kama sentimita moja. Jipya livae nyumbani saa moja kwanza, uongeze siku hadi siku.

Mafuta? Huteleza kwa saa moja hivi, kisha ngozi iliyolainika hunata kuliko mwanzo. Kwa kazi ya asubuhi nzima siyategemei. Bora plasta ya kitambaa juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta, pembe zake zikatwe mviringo zisikunjuke, ipite sehemu inayouma kwa sentimita mbili kila upande. Ukihisi joto kisiginoni, simama ubandike hapohapo. Ukingoja mwisho wa mstari wa mikorosho umechelewa.

Suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo vumbi la salfa litaingia na kuwasha ngozi yenye jasho.

Pumzika siku mbili kama unaweza. Usaha, wekundu unaotambaa, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mtoki kinenani au homa: kituo cha afya siku hiyohiyo, na uulize chanjo yako ya pepopunda. Na msimu wa korosho ukifika, malengelenge yakitokea mahali buti halisugui, shuku mafuta ya ganda. Hayo yanaunguza ngozi. Osha mara moja kwa maji mengi na sabuni.