Njia ya kiti cha magurudumu mlangoni kwa mama

Pole sana dada kwa kuuguza mama. Umesema mlango una ngazi mbili, jumla sentimita 30, na fundi anataka kumwaga mteremko wa mita 1.5. Mkatalie kabisa! Kwa ukali huo kiti kinaweza kupinduka na mama akiwa ndani.

Kila sentimita 1 ya kimo hudai 12 za urefu, yaani kwa sentimita 30 zenu ni mita 3.6. Upana uwe mita 1, na mbele ya mlango acheni sehemu bapa ya mita 1.5 kiti kigeukie. Zege likiwa bado bichi, lipitishieni ufagio mgumu, mikwaruzo ipite kwa upana wa mteremko. Msipige niru (saruji laini ya kung'arisha), mvua ikinyesha huteleza vibaya. Pembeni inueni ukingo wa sentimita 7 hadi 10, magurudumu yasitoke.

Vyuma vya kushikilia chooni visubiri mtaalamu wa fiziotherapia aone mkono upi wa mama una nguvu.