Mtoto wa kuona na mtoto wa kusikia
Ndugu, mwalimu aliyekuambia kwamba binti yako hujifunza kwa kuona tu, na kwa hiyo afundishwe kwa picha, amerudia dhana iliyoenea mno lakini isiyo na ushahidi wa kuitegemeza. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti zilizokuwapo, wasione sababu ya kutosha ya kuwagawa wanafunzi hivyo. Kinachoamua njia ni somo lenyewe: mkondo wa Mto Rufiji huonyeshwa kwenye ramani, ilhali sauti za dh na th, ambazo watoto wengi huzichanganya, hazina budi kusikika na kutamkwa. Nakusihi asinyimwe masimulizi. Akishasoma ukurasa, afunge daftari akueleze anachokumbuka, kwani kukumbuka bila kuchungulia hudumisha maarifa kuliko kusoma tena na tena.